Kabla ya Matokeo ya KCSE: Jinsi ya Kupanga Njia ya Pili kwa Mwanafunzi Anayetaka Udaktari

Baba na binti yake walikuja ofisini kwangu siku ambayo KUCCPS, taasisi inayopangia wanafunzi nafasi za vyuo, ilikuwa imetoa nafasi za vyuo vikuu. Binti alikuwa na A- katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari. Baba aliweka simu mezani, akaigeuza nisome. Kwenye skrini palikuwa na sentensi moja tu iliyosema kwamba hakupata nafasi popote.

"Mwalimu," baba akasema, "huyu mtoto ana A-. A- inakosaje chuo?"

Nilifungua karatasi ambayo binti alikuwa amejazia machaguo yake. Chaguo la kwanza lilikuwa udaktari. La pili, udaktari. La tatu, udaktari, ila chuo kingine. Alikuwa amejaza nafasi zote kwa kozi moja, kwa sababu tangu Darasa la Sita nyumbani wanamwita Daktari na hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili.

Mimi hufundisha Kemia katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, na ndiye mwalimu wa ushauri wa kozi. Kesi ya aina hii huniumiza zaidi ya matokeo mabaya, maana mtoto alifanya kazi yake ikafika na sisi watu wazima tukashindwa kumwonyesha ramani. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne anayetaka udaktari, na kwa mzazi wake. Ni vyema muusome pamoja, na muusome kabla ya matokeo.

Hatua ya 1: Jiulize mikono yako itafanya nini

Chukua daftari, uandike jibu la swali hili: nikiwa nimevaa koti jeupe, mikono yangu inafanya nini? Usiandike "kusaidia watu", maana hata dereva wa matatu husaidia watu. Andika kitendo. Kupasua? Kumshika mama mkono anapojifungua? Kuchungulia damu kwenye hadubini hadi uone kijidudu? Kutengeneza mashine iliyozima? Kupanga dawa na kujua kwa nini hizi mbili hazifai kumezwa pamoja?

Nilianza kuuliza swali hili baada ya usiku mmoja ambao mwanangu mdogo alishikwa na degedege. Tulimkimbiza kwenye kituo cha afya cha mtaani saa nane za usiku. Muuguzi ndiye aliyempokea kutoka mikononi mwangu, akamlaza ubavu, akatafuta mshipa kwenye kamkono kadogo kalikokuwa kanatetemeka, akaupata mara ya pili. Afisa wa kliniki ndiye aliyempima, akaamua dawa na kipimo chake. Kijana wa maabara alikuja na kijikaratasi cha sukari na slaidi ya malaria. Mfamasia alituelekeza asubuhi namna ya kumpa dawa nyumbani. Mwanangu alipona, na katika saa zile zote hakuna mtu mwenye shahada ya udaktari aliyemgusa. Siku hiyo niliacha kabisa kuwaambia wanafunzi kwamba kozi hizo nyingine ni za "waliokosa".

Jibu lako la daftarini ndilo litakalokuongoza katika Hatua ya 3. Ukigundua kwamba unachopenda hasa ni heshima ya jina, liandike pia. Si aibu, lakini ujue kwamba jina pekee halitakubeba katika miaka 6 ya masomo.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako bila kujidanganya

Wazazi wengi hudhani gredi ya wastani ndiyo inayoamua. Sivyo. Kozi za ushindani hutolewa kwa pointi za klasta (kundi la masomo ambayo kozi huangalia), ambazo hupimwa juu ya 48. Kwa udaktari, masomo yanayoangaliwa ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Kila somo lina pointi 12 ukipata A, kwa hiyo masomo manne yanafika 48. Jumla ya masomo yako 7 inafika 84. Vyote viwili huingia katika hesabu.

Walimu wengi hukadiria hivi: chukua pointi za masomo manne ugawanye kwa 48, chukua jumla ya masomo saba ugawanye kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu zidisha kwa 48. Ni makadirio tu. Namba rasmi utaiona kwenye tovuti ya KUCCPS ukiingia kwa akaunti yako. Hata hivyo, makadirio yanafungua macho.

Chukua wanafunzi wawili wenye A-. Wa kwanza ana jumla ya pointi 76, lakini katika masomo manne ya klasta ana 42, kwa sababu Hisabati na Kemia zilimwangusha na Historia ikamwinua. Makadirio yake ni takriban 42.7. Wa pili ana jumla ya 74, chini ya mwenzake, ila masomo yake manne yana 46. Yeye anapata takriban 44.1. Huyo wa pili atamtangulia wa kwanza kwenye foleni ya udaktari ingawa nyumbani kwao walisherehekea kidogo.

Fanya hesabu hii kwa matokeo ya mtihani wa majaribio, wa shule yako na wa pamoja. Kisha linganisha na pointi za mwaka uliopita ambazo KUCCPS huonyesha kwa kila kozi na kila chuo. Elewa namba hizo ni nini: ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyeingia mwaka ule. Hakuna aliyeketi akaziamua, na mwaka wako zinaweza kupanda au kushuka. Ukiwa juu yake kwa pointi 2, una nafasi nzuri. Ukiwa sawa nayo, unacheza bahati nasibu. Ukiwa chini kwa 3 au 4, jaza udaktari kama chaguo la kwanza ikiwa moyo unataka, lakini machaguo yanayofuata ndiyo maisha yako halisi, na yanastahili muda wako.

Kuna jambo dogo la kuongeza. Baraza linalosimamia madaktari, KMPDC, lina kiwango chake cha chini cha gredi kwa anayesomea udaktari, hata kama atajilipia karo. Pesa za mzazi haziwezi kuziba pengo hilo. Anayekuahidi vinginevyo anataka pesa zako.

Hatua ya 3: Zijue njia zilizo jirani, kisha uchague moja uipende

Hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu. Chukueni Jumamosi nzima.

Kwa mwenye B+ au A- aliyekosa udaktari kwa pointi chache, majirani wa karibu ni famasia na udaktari wa meno. Kumbuka kwamba nazo zina ushindani mkali. Usiziweke kama kimbilio la uhakika, maana wengi wanaokosa udaktari hukosa na hizi mbili siku ileile. Udaktari wa mifugo husahaulika na watoto wa Nairobi kwa sababu hawajawahi kuona ng'ombe akizalishwa. Chuo Kikuu cha Nairobi huufundisha huko Upper Kabete. Ni anatomia, upasuaji, dawa na maambukizi, na magonjwa mengi mapya ya binadamu huanzia kwa wanyama. Kama daftarini uliandika "kupasua", nenda Kabete ukaone kabla ya kukataa.

Shahada ya uuguzi huchukua miaka 4. Wavulana, nanyi ni yenu. Muuguzi wa Kenya anaweza kubobea katika wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, figo au ukunga, na ni taaluma inayohitajika karibu kila nchi. Nimekaa na baba aliyeniambia, "Mwalimu, mwanangu hawezi kuwa nesi." Nilimuuliza nani alikuwa kando ya kitanda cha mama yake siku zile alizolazwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tuendelee."

Kuna shahada ya maabara ya tiba, ya radiografia, ya fiziotherapia, ya lishe, ya afya ya umma na ya uhandisi wa vifaa vya tiba. Hii ya mwisho naipigia debe kwa wanaopenda Fizikia. Hospitali zetu zina mashine za bei kali zilizofunikwa shuka kwa sababu hakuna mtu wa kuzitengeneza. Kama uliandika kuhusu hadubini na vijidudu, tazama biokemia na mikrobiolojia. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979, ina makao yake hapa Nairobi, na wanaofanya kazi maabara za humo si madaktari wa wodini peke yao. Na anayependa namba zaidi ya damu asome takwimu. Kila wizara ya afya inahitaji mtu anayejua kusoma mlipuko wa kipindupindu kwenye jedwali kabla haujafika hospitalini.

Sasa diploma. Hapa wazazi hukunja uso, nami sitawaonea haya. Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, kilianza mwaka 1927, kina kampasi katika kaunti nyingi, na ile ya Nairobi imepakana na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mwanafunzi wa KMTC na wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi hukutana katika wodi zilezile. Diploma ya kliniki na upasuaji huchukua miaka 3, kisha mwaka wa uanagenzi hospitalini. Gredi ya wastani ya C ndiyo mlango wake, pamoja na masharti ya masomo, hasa Biolojia na lugha. Afisa wa kliniki huchunguza, hutibu, huandika dawa na hufanya upasuaji mdogo. Akiendelea na diploma ya juu anaweza kubobea katika usingizi wa upasuaji, watoto, au macho. Wako maafisa wa kliniki nchini humu ambao kazi yao ya kila siku ni kuondoa mtoto wa jicho, mzee akaingia akishikwa mkono na kesho yake akatoka akiangalia saa yake mwenyewe. Kama daftarini uliandika "kupasua" na una C+, njia ni hii.

Hatua ya 4: Kagua chuo kabla ya kutoa hata shilingi

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alilipa karo ya mihula miwili katika chuo cha ghorofani katikati ya jiji. Kilikuwa na vitanda vya mazoezi, sare za buluu na picha za mahafali ukutani. Mama yake alikuwa ameuza kipande cha shamba. Muhula wa tatu ndipo walipogundua kwamba baraza la taaluma ile halikuwa limeidhinisha kozi yao. Cheti kingetoka, ndiyo, lakini leseni isingetoka. Pesa hazikurudi.

Kila taaluma ya afya Kenya ina mlinzi wake wa mlango. Udaktari na meno ni KMPDC. Uuguzi ni Baraza la Wauguzi. Maafisa wa kliniki wana baraza lao. Famasia iko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Maabara ina bodi yake, KMLTTB. Lishe ina KNDI. Kabla ya kulipa, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: ingia tovuti ya baraza husika utafute orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa, hakikisha kozi yenyewe na kampasi yenyewe vimeandikwa, si jina la chuo tu, kisha piga simu au nenda ofisini kwao ukaulize kama idhini bado inafanya kazi. Chuo kinaweza kuwa halali kwa uuguzi na kisiwe halali kwa maabara. Karani akikuambia "idhini iko njiani", toka nje.

Hatua ya 5: Jaza machaguo kama mtu anayetaka yote

Kwenye fomu ya KUCCPS, chaguo la kwanza limegawanywa 1a, 1b na 1c, kisha yanafuata mengine. Weka ndoto juu. Lakini kuanzia chaguo la 2 kushuka chini, weka kozi ulizozipata katika Hatua ya 3, na hakikisha angalau mbili kati yake zina pointi za mwaka uliopita zilizo chini ya zako kwa nafasi ya kupumua. Angalia kila moja kama una gredi inayotakiwa ya kila somo, si pointi tu. Watu huanguka hapa: pointi zinatosha, lakini kozi ilitaka C+ ya Fizikia na wewe una C.

Usingoje siku ya mwisho. Nimeona saiba (maduka ya intaneti) za barabara ya Tom Mboya siku hiyo: watoto wamesimama hadi ngazini, mtandao unakwama, na kijana wa saiba ndiye anayechagua kozi kwa niaba ya mtu kwa sababu foleni ni ndefu. Mtoto anatoka na miaka minne ya maisha yake imepangwa na mtu asiyejua hata jina lake. Jaza mapema, chapisha ukurasa, hifadhi nenosiri mahali ambapo mzazi pia analijua.

Ukikosa nafasi katika awamu ya kwanza, kuna awamu ya marekebisho. Ingia siku ileile inapofunguliwa. Kozi nzuri zilizobaki ni chache, nazo huisha haraka. Binti niliyemtaja mwanzoni tulimpatia nafasi ya maabara ya tiba katika awamu hiyo, na ndiyo aliyokuwa ameandika daftarini tulipokaa kujiuliza swali la mikono.

Hatua ya 6: Kurudia mtihani

Inafaa kwa wachache. Inafaa ikiwa kuna sababu inayoonekana ya kuanguka, kama ugonjwa au msiba mwezi wa Oktoba, na ikiwa ulikuwa karibu sana. Haifai ikiwa mtihani wa majaribio na KCSE vilisema kitu kimoja. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, hufanywa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo uamuzi hauwezi kungoja hadi Juni. Na mjue kwamba darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Dirisha hili linafungwa. Wazazi wenye watoto wa Gredi ya 10 katika mfumo mpya, ninyi mnahitaji kuanza mapema zaidi: mtoto asipochukua sayansi katika mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), mlango wa afya unakuwa mgumu kabla hata hajaketi mtihani.

Hatua ya 7: Ng'ambo

Uganda, Uchina, India, Urusi: mawakala wana vipeperushi vya nchi zote hizi. Wako Wakenya waliosoma huko wakarudi, na ni madaktari wazuri. Lakini uliza KMPDC kuhusu chuo chenyewe kabla ya kununua tiketi, na ujue kwamba ukirudi huenda ukatakiwa kufanya mtihani wa baraza kabla ya uanagenzi. Uliza pia wodini watazungumza lugha gani na wagonjwa. Wanafunzi wetu waliokuwa Ukraine walikimbia vita mwaka 2022 masomo yakiwa katikati. Usipeleke akiba yote ya familia kwa wakala ambaye ofisi yake ni nambari ya WhatsApp.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya pesa na ya muda

Udaktari wa kujilipia hugharimu laki kadhaa kila mwaka, kwa miaka 6. Kaeni na kalamu. Kama jibu ni kuuza nyumba ya mtaa wa Umoja, semeni hivyo kwa sauti mezani, mtoto akiwepo. Ombeni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na ufadhili wa serikali kwa kozi yoyote ile mtoto atakayopata, na msijaze kwa kubahatisha, maana maelezo ya familia ndiyo yanayoamua kiwango.

Na tusidanganyane kuhusu ajira. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini cha mgomo kilikuwa madaktari wanagenzi waliokuwa wamemaliza masomo wakangoja kupelekwa hospitalini, na malipo yao. Foleni ipo kila mahali. Muulize mtu aliyemaliza kozi yako miaka 2 iliyopita anafanya nini leo, si mkuu wa chuo.

Kurudi udaktari baadaye kunawezekana. Vyuo vikuu huwafungulia mlango baadhi ya wenye shahada nzuri ya sayansi au diploma ya kliniki yenye matokeo ya juu, lakini nafasi ni chache, mara nyingi za kujilipia, na masharti hubadilika. Ukiwa na nia hiyo, omba masharti kwa maandishi kutoka ofisi ya udahili kabla ya kuanza kozi ya kwanza, na uthibitishe na KMPDC. Uanze ukiwa na mpango wa kuridhika hata kama mlango huo hautafunguka.

Hatua ya 9: Jioni ya matokeo

Hili ni la mzazi. Matokeo yakitoka, usimpigie shangazi wala usiweke kwenye kundi la familia kabla mtoto hajakaa na namba zake kwa usiku mmoja. Mpe chakula. Usitaje mtoto wa jirani. Kama hataki kula au kuongea kwa siku kadhaa, usimwache peke yake, na mtafute mtu wa kuzungumza naye, awe mshauri, mwalimu au kiongozi wa dini anayemwamini.

Asubuhi yake, toeni lile daftari la Hatua ya 1 na karatasi ya machaguo mliyoitengeneza miezi iliyopita, mkiwa na chai. Mpe mtoto kalamu. Mwache asome kila kozi kwa sauti na aseme angependa kuamkia ipi kesho, kisha akate zile asizozitaka yeye mwenyewe.